Nilitumwa Nikamchukue Mmisri

Wasee, kuna siku bosi alinipa ufunguo wa gari akanituma nikamchukue mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Ngojeni niwapeleke polepole.

Naitwa Onesmus. Nairobi nilikuwa mtu wa violin, na waimbaji wengi wa injili ni mimi niliyewapangia sehemu za nyuzi. CD ikitoka, jina la mpiga picha lipo, la mshona suti lipo. Langu, zii.

Nikasema basi, kaeni na muziki wenu. 2013 ajenti akanipatia kazi ya dereva wa nyumbani Saudia. Nikatua Riyadh, nikangoja siku mbili kwa ofisi moja Olaya, kisha kafili, yaani mwajiri wangu, akanipeleka kwake Aziziya, Jeddah. Violin nilikuwa nimeifunga ndani ya blanketi.

Kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Madam, mke wa kafili, alipenda harusi, weh! Kule wanawake wana ukumbi wao, wamevua abaya, na mwanaume hatii mguu. Bendi ya wanaume inakaa chumba cha pembeni nyuma ya pazia zito, sauti inapita kwa spika. Sisi madereva tunasinzia kwa magari saa tano nzima.

Siku moja mpiga violin wao hakutokea. Mkubwa wa bendi, Myemeni mmoja mpiga udi, alikuwa anazunguka parking akitukana simu. Nikamwambia, "Mimi naweza."

Akacheka. Nikatoa violin kwa buti, nikacheza. Akanifungulia mlango wa nyuma.

Kutoka hapo, madam akiingia mlango wa mbele, mimi naingia wa nyuma. Nikaanza hata kuwapangia nyimbo. Sherehe ikiisha, nishakimbia kwa gari nimeshika usukani.

"Onesmus, leo umekosa!" madam ananiambia tukirudi. "Kuna Mmisri anacheza violin, nimelia mpaka wanja umetoka."

"Pole, madam."

Nani alisema ni Mmisri? Hakuna. Waliamua tu.

Na ningejitaja vipi? Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, inasema dereva. Kafili akijua unafanyia wengine kazi, halas, ni ndege ya kurudi. Emmaculate, dada wa Kakamega aliyekuwa akifanya kazi za nyumba pale kwetu, hakunipa amani.

"Kwa hivyo huyo Mmisri ndiye atakula jasho lako? Sema ni wewe!"

"Niseme nirudishwe?"

"Basi kufa na violin yako."

Kisha binti ya madam akachumbiwa. Madam akasema bila yule Mmisri hakuna harusi. Myemeni, mwoga kuliko mimi, akadanganya kwamba jamaa anaishi Al-Rawdah.

"Yalla, Onesmus," Baba, ndivyo tulivyomwita kafili, akaniambia siku ya harusi. "Nenda umlete. Na uendeshe pole, huyo ni mtu wa maana."

Niliendesha pole. Nikafika Al-Rawdah, nikanunua chai, nikajiangalia kwa kioo, nikarudi.

"Yuko wapi?"

"Ameingia mlango wa nyuma, Baba."

Bibi harusi aliingia ukumbini kwa wimbo niliokuwa nimeupanga wiki tatu. Vigelegele vilivyopigwa huko ndani! Aki nililia. Nikaapa: leo nasema, na ndege ije.

Wimbo ukaisha, mlango ukafunguka. Baba mwenyewe, amekuja kumshukuru Mmisri. Akanikuta violin iko begani, upinde mkononi, jasho linatiririka.

Myemeni akaangalia viatu vyake.

"Onesmus!" Baba akafoka. "Weka chini! Hiyo ina mwenyewe. Na Mmisri ameenda wapi?"

Jamani. Nimeshikwa peupe, na bado siaminiki.

Mdomo nilikuwa nao. Maneno pia. Nikasema, "Ameenda msalani, Baba."

"Kawashe gari."

Nikaenda nikawasha.

Nilirudi Kenya 2016, sasa nafundisha violin na kucheza harusi. Juzi bwana harusi mmoja wa Kitengela akaniletea wimbo kwa simu, ule ule wangu wa bibi harusi. Kumbe Myemeni aliurekodi, ukazunguka WhatsApp mpaka kwetu. Umeandikwa "Mmisri wa Jeddah".

"Mwalimu, unaweza kuucheza hivi hivi?"

Nikaucheza, nota kwa nota. Akanitazama kwa huruma.

"Si mbaya. Lakini yule Mmisri ana kitu."

Nyinyi mnaojificha mkingoja kutambuliwa, jitajeni jasho likiwa bado bichi. Mimi nimeshindwa na mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, na hata siwezi kumpigia simu nimtukane.