Maneno Yaliyopita Juu ya Ua

Juzi nilikuwa na shughuli Temeke, nikapita nyuma ya shule niliyosoma. Madirisha yalikuwa wazi, na darasa zima lilikuwa likiimba sentensi za Kiingereza kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya kuburuza mwisho: The water must be boiled. Maji lazima yachemshwe. Nilisimama pale mchangani na viatu vyangu vya mjini, nikajikuta nimeimaliza kimoyomoyo sentensi iliyofuata kabla watoto hawajaifikia. Bendera imebadilika na picha ya ukutani imebadilika, lakini maji bado lazima yachemshwe, na bado hakuna anayeambiwa yachemshwe na nani.

Kama nawe ulisoma enzi za Mwingereza, unaijua sauti hiyo. Sisi tulifundishwa na mwalimu mmoja kutoka bara, mtu mwembamba aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kinondoni, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kumenya embe. Alikaa peke yake, na watu walisema kwamba akiwa njiani huongea Kiingereza na usukani wa baiskeli, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Siku ya kutufundisha sentensi za kutendwa alikuja na kisu, muhogo na boksi la chaki. Muhogo unakatwa na mwalimu kwa kisu. Muhogo unawekwa ndani ya boksi. Muhogo unaweza kuliwa na mwanafunzi. Hapo tulicheka, maana muhogo haukuliwa na mwanafunzi yeyote. Aliula yeye wakati wa mapumziko.

Tatizo langu lilikuwa kuuliza. Siku moja aliandika ubaoni kwamba kodi lazima ilipwe, barabara lazima ifagiliwe, na Kiswahili kisisemwe darasani. Nikanyoosha mkono.

"Nani amesema, Mwalimu?"

"Amesema nini?"

"Hayo yote. Imeamriwa na nani?"

Akaitazama sentensi yake kama mtu anayetazama shati lake kuona kama lina doa. "Imekamilika," akasema. "Haihitaji mtu. Kaa chini."

Basi nikawa Bibi Na-Nani. Wasichana tulikuwa wachache, na upande wa kwetu, kule minazini, hakukuwa na mwingine wa darasa langu, kwa hiyo nilirudi nyumbani peke yangu na jina hilo likinifuata. "Bibi Na-Nani, viatu vyako vimeliwa na nani?" wavulana waliuliza. Sikuwa na viatu.

Lakini nyumbani alikuwepo bibi. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi imempeleka bara na mama amemfuata, nami nikaachwa kwa bibi mzaa mama ili nisome mjini. Bibi alikuwa msemaji. Alisema akikuna nazi, alisema akipepeta mchele, aliwasema kuku kwa majina ya jamaa zake waliomuudhi. Jioni alikaa uani kusuka ukili, ile mikanda mirefu ya majani ya mkindu inayoshonwa kuwa mikeka, na mkanda na maneno vilimtoka kwa mwendo mmoja. Mimi nilikaa miguuni pake, nikila kitumbua kilichobaki asubuhi, kimekuwa kigumu pembeni na laini katikati, na kila kilichonipata shuleni kiliisha hapo.

Nilipokuwa darasa la nane, kipupwe kilipoanza, mwalimu aliwaita wazazi. Aliwaambia kwamba mtihani unakaribia na nafasi za shule ya bweni ni chache. Watoto wanatoka shuleni na Kiingereza, akasema, wanakwenda kukipoteza nyumbani. Kiswahili kipunguzwe. Kiingereza lazima kitumike. Wazazi waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," wakatoka nje na kuchekeana, maana nani kati yao alikuwa na Kiingereza cha kutumia? Bibi peke yake hakucheka. Tulirudi njia nzima akiwa kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na tulipofika alivua ushungi, akakaa.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kichwa cha mtu ni kama mtungi. Nikikijaza cha kwangu, cha mwalimu kitakaa wapi? Mie Kiingereza sina. Basi kuanzia kesho mie kwako bubu, mpaka mtihani upite."

"Bibi, Mwalimu hakusema hivyo."

"Kasema. Nilikuwepo."

Nilidhani atashindwa kabla ya adhuhuri. Hakushindwa. Asubuhi nilipomwambia shikamoo aliniwekea kiganja utosini, na hiyo ndiyo ikawa marahaba. Chakula kikiwa tayari aligonga kifuu cha nazi kwenye sufuria. Siku ya kunisuka nywele alikigeuza kichwa changu kwa ncha za vidole, huku na huku, na nilisikia pumzi zake na mlio wa kitana, basi. Sikujua kabla ya hapo kwamba nyumba yetu ilikuwa na milio mingi: makuti ya paa yakikwaruzana, maji yakitulia mtungini, mchwa ndani ya mlango. Watoto wenzangu waliendelea kusemeshwa kwao kama kawaida. Mwalimu aliagiza nyumba zote, ikatii moja.

Ili nisiwe bubu na mimi, nilimsemesha kwa Kiingereza kile nilichonacho. Alipokuna nazi nilimwambia kwamba nazi inakunwa na bibi kwa mbuzi. Alipoinjika chungu nilimwambia kwamba wali lazima upikwe, kwamba moto ungepaswa kupulizwa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali, asielewe hata neno. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nilijifunza vizuri, sikatai. Lakini sijui kama umewahi kukaa mezani na mtu anayekupenda, mkawa hamna cha kusemeshana ila wali lazima upikwe.

Halafu akaanza kusema na jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa makamo, naye msukaji ukili, na kati yake na sisi palikuwa na ua wa makuti tu. Jioni bibi alichukua kigoda chake, akakiweka ubavuni mwa ua karibu na kidirisha cha chumba changu, akasema naye mpaka giza liingie. Alisema kwa sauti ya juu sana. Mimi nilikuwa ndani na kitabu, na yale maneno yote niliyonyimwa yalikuwa yakimwagwa upande wa pili wa ukuta.

"Shoga, leo nimepata papa mkavu mzuri. Nimemweka chini ya kawa, kule jikoni, pembeni ya mtungi. Anayemtaka atamwona."

"Sawa," alijibu jirani.

"Na huyu mtoto anakonda. Kusoma si kujinyima. Akichoka alale."

"Haya."

Nilikwenda jikoni, nikamkuta papa chini ya kawa, nikamla kama mwizi. Nilidhani nimeidukua siri. Na wivu niliokuwa nao kwa yule jirani sitauficha: kila alipojibu "haya" yake fupi niliona anapewa chakula changu na hata hakitafuni.

Jioni ya mwisho kabla ya mtihani, vuli imeanza, hewa ina harufu ya mchanga uliolowa, bibi alikaa palepale akaanza kusimulia siku niliyozaliwa. Sikuwahi kuisikia. Mvua kubwa, akasema, maji yameingia mpaka uvunguni, na mkunga hana njia ya kupita. Mama yangu akamshika mkono akamwambia jambo. "Sasa hilo jambo aliloniambia," bibi alisema, na sauti yake ikapanda zaidi, "sijapata kumwambia mtu."

Na anakwenda kumwambia jirani. Si mimi. Nilisimama, nikavuta kile kidirisha cha mbao, nikakikomea. Nikatia vidole masikioni, nikarudia sentensi zangu.

Nilishinda mtihani. Siku ya mtihani yenyewe nilirudi mbio, na bibi alikuwa mlangoni amenisubiri, akasema, "Haya, mtungi umejaa?" Nilimjibu kwamba mtihani umefanywa. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ya umri ule huvaa nguo za utu uzima. Aliongea tena, ndiyo, lakini mambo ya kuni na ya sabuni, na mimi sikumuuliza chochote, mimi niliyemuuliza mwalimu kila kitu. Nikaenda bweni, kisha mbali zaidi. Likizo nikirudi na vitabu alivitazama, akashusha sauti, kama vile mtihani mwingine uko njiani. Alifariki nikiwa chuo kikuu; mama alikuwa ametangulia.

Juzi, baada ya kutoka pale shuleni, nilipita na kwetu. Nyumba ina wapangaji, ua wa makuti umeondolewa na mahali pake pamejengwa matofali. Jirani yupo, amezeeka, ukili mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eh, Bibi Na-Nani. Kaa."

Tulizungumza ya kawaida mpaka nikamwambia, nikicheka kidogo, jinsi nilivyomwonea wivu miaka ile, yeye aliyesemeshwa na bibi kila jioni. Alisimamisha mikono, akanitazama.

"Mie? Mie nilikuwa pua na mdomo naye. Unadhani alinipigia kelele zile kwa kuwa mie kiziwi? Nilimwambia, bibi wewe, unanipasua masikio. Akaniambia, mwalimu kanikataza kumsemesha mtoto, hajanikataza kusema. Wewe itikia tu."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya ukuta wa matofali; upande wa pili ndipo kilipokuwa kigoda cha bibi. Kisha nikamuuliza: jioni ile ya mwisho, hadithi ya mvua, mama alimwambia bibi jambo gani?

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, nilimwona akitafuta. Halafu akatikisa kichwa, akaushika ukili wake tena.

"Sikusikiliza, mwanangu. Nilikuwa naitikia tu. Maneno hayakuwa yangu."