Pipi za Karanga Nilizozitia Rangi Kabla ya Kuzichagua

Nakumbuka Jumamosi moja, kesho yake ni Pasaka, nimekaa jikoni mbele ya sinia lililojaa pipi za karanga za rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, na sikujua kama nimetengeneza zawadi au nimetengeneza balaa. Mwanangu, mpaka leo sijui. Nakwambia mapema ili usije ukasoma mpaka mwisho ukidhani shangazi yako ana jibu amelificha chini ya mto.

Umenipigia simu kutoka Msalato ukasema umeona watu wanatengeneza pipi za siagi ya karanga, zinatiwa rangi ya majani na maua, si rangi ya dukani, na unataka kuwapelekea watoto wako wa shule ya Jumapili. Ukaniuliza, "Shangazi, si wewe ulikuwa unazitengeneza zamani?" Nilitengeneza mara moja ile, na mara nyingine baada yake. Namna yake nitakupa. Lakini mimi ni mtu wa darasa la saba, nikianza na chumvi naishia kwenye kuni, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe hapa Mlali. Mama mkwe wangu, Mama Yohana, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama kanisani. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwonevu, naomba uliandike hilo moyoni kabla hujasikia mengine. Siku ya Matawi aliwatangazia wenzake mimi nikiwa nimesimama pale pale: "Mwaka huu watoto watakula pipi za Dorika. Za rangi! Na hamna rangi ya duka ndani yake." Wenzake wakapiga vigelegele. Mimi nilivimba kichwa. Kashata nilifundishwa na mama yangu kule Chamwino, lakini mambo ya rangi nilikuwa nimeyawaza tu, sijayajaribu. Nilipaswa kusema hivyo. Sikusema.

Sasa, kuna jambo moja la nyumba ile ambalo lazima nilieleze, na nitalieleza bila kumsingizia mtu. Karanga zikishavunwa ziligawanywa mara mbili. Zilizojaa vizuri ziliingia gunia la soko. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizoguswa na maji ziliingia kapu la nyumbani, ndizo tulizoponda kwa mlenda, ile mboga yetu inayoteleza. Kwa mama yangu ilikuwa hivyo, na kwa jirani ilikuwa hivyo. Hatukuona kama tunajinyanyasa. Ukiwa na gunia moja la kukuletea sabuni, chumvi na madaftari, utakulaje kile kinachokulisha? Leo watu wananisikia wanacheka. Wasicheke sana, wangekuwa na gunia moja wangefanya vile vile.

Na Pasaka, unajua, huangukia wakati karanga mpya bado ziko ardhini. Kapu lilikuwa limefika chini, na gunia la soko bado limeshonwa, linasubiri bei ipande. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimevuja kwenye kona lilipokaa. Nilipotumbukiza mkono nilihisi ubaridi, na karanga kadhaa zilitoka na madoa meusi, nyingine zina vumbi la kijani kama unga wa majani. Ungo ulikuwa ukutani. Ningeutungua, nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikachagua moja moja. Badala yake nilijiambia: nitazikaanga, nitazimenya, nitaziponda, halafu nitazitia rangi. Nani ataona? Nikazifuta kwa pindo la kanga, basi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi cha kwangu nilikivalisha nguo mpya kabisa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nilikaanga karanga kwa moto mdogo, nikazipeta maganda, nikazitwanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta na kushikamana kama udongo wa kufinyangia. Nikachemsha sukari na maji kidogo mpaka ikivutwa kwa kijiko inafanya uzi. Nikachanganya, nikakanda ingali moto, viganja vikaungua. Nikagawa mafungu matatu. La kwanza nikalitia maji ya choya, yale maua mekundu makali, niliyoyachemsha mpaka yakawa mazito, likawa jekundu zuri. La pili nikalitia manjano ya unga. La tatu, mwanangu usinicheke, nikalitia unga wa mlenda mkavu, kwa sababu ndicho kitu cha kijani kilichokuwemo ndani. Ukigusa maji mlenda hausahau kazi yake. Fungu lile lilinivutika kutoka sinia mpaka kifuani.

Hapo ndipo alipoingia Mama Zubeda, jirani yetu, mtu wa Kondoa, aliyekuwa akikaanga karanga na kuziuza stendi. Alipenda kutusalimia kwa Kigogo chake cha kuazima.

"Mbukwa, Dorika! Hee! Unavuta nini hicho, kamba ya kufungia mbuzi?"

"Shikamoo, mama. Ni pipi."

"Marahaba. Pipi? Ninyi Wagogo kweli hamjambo, hata pipi mnaitia mlenda! Kesho mtatia mlenda kwenye chai."

Tulicheka mpaka nikaegemea kinu. Nikampa moja, ya njano, iliyokuwa nzuri kuliko zote, nimeiviringisha kama yai la kanga. Akaiweka mdomoni. Akaacha kutafuna. Akageuka akaitema kiganjani, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Hii ni chungu," alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Ni uchungu wa manjano huu, au wa karanga?"

Nilionja ya njano: chungu kweli, lakini nilikuwa nimetia manjano vijiko vingi. Nilionja nyekundu: choya ilikuwa kali, ilifunika kila kitu. Nilionja ya kijani: ulimi ulikuwa unateleza tu. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Jicho langu nilikuwa nimelifunga kwa rangi, na ulimi wangu nimeufunga kwa kile kile. Karanga peke yake, tupu, sikubakiza hata moja ya kuniambia ukweli.

"Mimi karanga chungu huwa naitupa," alisema Mama Zubeda. "Simpi hata mlevi. Lakini sisemi hii ni mbovu. Pengine ni manjano. Wewe ndiye uliyezishika."

Akaondoka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Nilimpelekea mama mkwe. Nilimwambia zilivyokuwa kapuni, ila sikumwambia yote, nikasema "chache zilikuwa na madoa," na hazikuwa chache. Alionja, akatafuna taratibu huku anaangalia juu. "Manjano," akasema. "Ulitia mengi, umeharakisha. Karanga za kapu lile tumekula maisha yote, na huyo mumeo amekulia hizo hizo. Amekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Na ni kweli hakufa. Hapo ndipo akili yangu ilipofungwa fundo. Mtu mzima aliyekula miaka hamsini anakwambia ni salama, na mtu anayezijua karanga kwa kazi yake anakuuliza swali usiloweza kulijibu. Siku zile hatukuwa tumelisikia neno sumukuvu, hii sumu ya ukungu anayoisema bwana shamba na redio. Tulijua tu kwamba karanga chungu haimpendi mtoto.

Pasaka yenyewe nilibeba sinia kichwani, nimelifunika kitambaa cheupe. Ibada sikuisikia. Baada ya kutoka, watoto walipangwa uani, wadogo mbele. Wa kwanza alikuwa kitoto cha kike, hakijafika hata miaka mitano, kimepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Kikanyoosha viganja viwili pamoja, kama kilivyofundishwa, kikasema, "Nataka njano."

Niliichukua ya njano. Nikaishika. Viganja vile vilikuwa pale chini vinasubiri, na mkono wangu haukushuka.

"Dorika," mama mkwe aliita nyuma yangu. "Watoto wana njaa."

Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Sijui kama ni nzuri. Karanga zilikuwa na ukungu. Sikuzichagua. Sijui."

Kina mama wakaanza. Mmoja akasema, "Ndiyo maana zikatiwa rangi!" Mwingine akasema, "Kapu la nyumbani kwa watoto wa kanisa?" Mwenyewe nilijua nyumbani kwake naye anaponda za kapu kama hilo, lakini haukuwa wakati wa kusema. Aibu yote ilimwendea Mama Yohana, si mimi. Mimi nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja, na yeye ndiye aliyetangaza.

Alikuja akasimama mbele ya sinia. Akachukua ya njano akala. Akachukua nyekundu akala. Akachukua ya kijani, ikamvutika kidevuni, hakuna aliyecheka, akaila nayo. Kisha akabeba sinia mwenyewe, akaenda nalo shimoni nyuma ya choo cha kanisa, akamwaga zote. Watoto walilia. Kile cha kwanza kilikaa chini kabisa, miguu imenyooka, kikalia kama kimefiwa.

Hakuumwa, mama mkwe. Si siku ile wala wiki ile. Aliishi akazeeka. Basi hapo ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo: pengine pipi zilikuwa salama, na mimi niliwaliza watoto wote wale na kumvunjia heshima mzee kwa ajili ya vijiko vya manjano. Tena bwana shamba anasema sumu hii haionekani kwa siku moja wala kwa jicho, na si kila mbovu ni chungu. Kwa hiyo kutoumwa kwake hakunithibitishii kitu. Ni kama mizani: nikiweka upande huu unashuka, nikiweka upande ule nao unashuka. Mtu wa elimu angekuambia. Mimi nakuambia nilichokiona.

Jioni, jua likiwa bado lipo, aliniita uani. Nilipiga magoti nikijua narudishwa Chamwino.

"Umeniaibisha," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Sijamaliza. Kusema hujui si kosa. Kosa ni kwamba hukujua tangu jana, ukaja kutojua mbele ya watu. Ungekataa hapa hapa jikoni, ukaniambia, mama, mimi hizi siwapi watoto. Ningekufokea. Ningekufokea sana! Lakini ningefoka ndani ya nyumba yangu." Akaelekeza kidole ndani. "Na ungo ulikuwa ukutani, Dorika."

"Ndiyo, mama."

"Kapu nimekufundisha mimi, kosa hilo ni langu. La ungo ni lako."

Sijawahi kusikia hukumu iliyogawanywa sawa namna ile. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Kalete gunia la soko."

Nilidhani nimesikia vibaya, nikasimama tu. Akaenda mwenyewe, akaliburuta, akakata uzi. Jumatatu ya Pasaka asubuhi tulikaa mlangoni, yeye, mimi na Mama Zubeda tuliyemwita aje atufundishe, tukachagua karanga moja moja zilizotoka kwenye gunia la kuuzwa. Mama Zubeda aliziangalia kwa kuzigeuza juani, akiona doa anatupa, akiona imesinyaa anatupa. Mama mkwe kila iliyotupwa alikuwa anaifuata kwa macho, maskini, mkono unataka kuiokota. Lakini hakuiokota. Tulitengeneza pipi bila rangi yoyote, za rangi ya karanga, na alasiri tukazipeleka nyumba kwa nyumba. Kile kitoto kilipoiona yake kilikunja uso, kikasema, "Si njano." Kikaila hata hivyo, kikanyoosha viganja tena.

Kama alifungua gunia kwa sababu alikubaliana nami, au kwa kuosha jina lake mbele ya watu, sikumuuliza, na wala hakusema. Huenda yote mawili. Tangu mwaka ule kapu la nyumbani likaanza kupitishwa kwenye ungo kwanza, na zenye madoa zikafukiwa.

Basi mwanangu, tengeneza hizo pipi zako. Choya ni nzuri, manjano ni mazuri ukitia ncha ya kijiko tu, na mlenda uache kwenye sufuria yake. Sikukatazi rangi, maana Pasaka ni furaha na mtoto hula kwa macho. Ninachokuusia ni hiki: chagua kwanza, kwenye mwanga, karanga zikiwa tupu, na uonje kabla hujaweka kitu cha kupendezesha. Yenye doa au iliyosinyaa usiipe hata nafasi ya kujitetea, itupe. Na kilicho kizuri usikimalizie kwa mnunuzi usiyemjua, kisha wa kwako ukawaachia kilichobaki. Ukiwa na shaka, itamke mapema, jikoni, kwa yule utakayemuogopa, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua, na shaka nayo ni maradhi. Utafokewa, ndiyo. Hata hivyo ni heri ufokewe huku mikono ya watoto ikiwa bado haijanyooshwa kwako.

Na kama utachagua vizuri na bado usiwe na hakika, basi uko kama mimi, na Mungu anatujua wote wawili. Akupe macho yasiyochoka na ulimi usioona haya kusema sijui. Watoto wako wa Msalato wale, washibe, walale, na Jumatatu ya Pasaka waamke wote wakikudai nyingine. Amina.