Hatua Thelathini na Mbili

Mama Choo hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alibandikwa na Katibu wa umoja wa wazee wa mtaa, bwana wa miaka thelathini na mitano mwenye kalamu tatu mfukoni na mafaili mawili kwapani, yote mawili kuhusu wazee ambao hajawahi kumshika hata mmoja mkono kwenye ngazi.

Kila matembezi yalipopangwa, watu wenye akili zao waliuliza mambo ya maana: mgeni rasmi ni nani, fulana zitakuwa za rangi gani, nani atashika kipaza sauti. Yeye, mhudumu mstaafu wa wodi, mwanamke aliyenyanyua wagonjwa miaka thelathini mpaka mgongo ukamgomea, aliuliza choo kiko wapi. Tena hakuishia hapo. Ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mlango unafungika? Na viti je, vina mikono? Maana mtu wa miaka themanini ukimkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, kumwinua ni shughuli ya watu wawili. Katibu alikunja uso na kusema mama huyu anaushushia umoja hadhi.

Safari hii walikuwa wanakwenda kuitazama bustani mpya ya manispaa. Siku tatu kabla, Mama Choo akaenda peke yake kuikagua. Akakalia kila benchi, akapanda ngazi na kushuka, akaingia chooni akavuta maji mara mbili. Kisha akahesabu hatua kutoka kwenye viti, kwa mwendo wa mzee, hadi mlango wa choo nyuma ya ua wa maua. Zilikuwa thelathini na mbili. Walinzi walimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo.

Hatua hizo alizihesabu kwa ajili ya mtu mmoja. Mtaani kulikuwa na fundi cherehani wa miaka sabini na tisa ambaye hakuwa ametoka nje ya nyumba ya binti yake kwa miezi kumi na minne. Aliyemwuliza aliambiwa magoti yanauma. Watu wakampa pole na dawa za kuchua, magoti yenyewe yakiwa mazima kabisa. Mama Choo ndiye pekee aliyeketi naye na kumwuliza bila kuzungukazunguka, na mzee akamwambia kweli. Haja ndogo ilimponyoka kwenye harusi ya mjukuu wake, wamesimama kupiga picha, naye amevaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe. Fundi anajua nguo. Kijivu kikilowa hata aliye mbali anaona.

"Nikiaibika tena, mwanangu, usije kunigongea mlango," alimwambia. "Nitakaa humu humu mpaka mnibebe."

"Ni hatua thelathini na mbili, Mzee. Nimezihesabu mwenyewe."

Siku ilipofika, fundi alitoka akiwa amevaa ile suti ya kijivu. Mama Choo aliitazama mara mbili. Mtu aliyekuwa na suti nyeusi kabatini, akachagua hiyo, alikuwa amemwamini kupita kiasi.

Bustani ilipendeza, hasa meza kuu. Mgeni rasmi, mwenye miaka kama arobaini na afya ya kuvuta gari, alikuwa amewekewa kiti chenye mikono, mto na mwavuli. Wazee ishirini na nne waliletwa kufaidi bustani, na waliifaidi kweli, wameketi juani saa nzima wakisikiliza jinsi wanavyopendwa. Katikati ya hotuba ya pili fundi akainuka taratibu, akaenda nyuma ya ua. Mama Choo akamfuata kwa mbali.

Akamkuta amesimama mbele ya kufuli.

Kufuli jipya, linang'aa. Mlinzi akaeleza kwamba Katibu ndiye aliyefunga tangu asubuhi na ufunguo anao yeye, ili mgeni rasmi akihitaji kuingia akute pasafi. Mzee alikuwa ameshika pindo la koti kwa mikono miwili.

Mama Choo alirudi mbio, mgongo na yote. Alipofika meza kuu Katibu akampungia mkono akae, mheshimiwa anaongea. Akamnong'oneza kuwa anataka ufunguo. Katibu akajifanya hasikii. Hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kusema ni mzee fulani, na kufuli lingefunguliwa, na fundi asingeonekana tena nje mpaka siku ya kubebwa. Basi akakisogelea kipaza sauti.

"Mheshimiwa, samahani. Nimebanwa na mkojo. Mimi. Na ufunguo wa choo uko mfukoni mwa Katibu wetu."

Katibu, ambaye hakuwahi kutoa kitu haraka hivyo tangu achaguliwe, akautoa ufunguo. Mama Choo alipokwisha kukata kona ya ua, bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema na yeye kabanwa tangu hotuba ya kwanza, ila aliona haya. Akajitokeza mwingine. Wakaanza kuinuana mmoja mmoja kwa mikongojo, hotuba ikabaki na wasikilizaji wanne, na baada ya dakika chache mheshimiwa mwenyewe alikuwa kwenye foleni, wa kumi na nane. Katika taarifa yake Katibu aliandika kwamba mgeni rasmi alipata fursa ya kukagua huduma zote za bustani.

Wa mbele kwenye foleni walimkuta fundi akinawa mikono bombani, bila haraka, suruali yake kavu kabisa. Kucheka walimcheka Mama Choo, aliyeegemea ukuta akihema.

Fundi akajifuta mikono kwa leso, akanyoosha koti, akasimama karibu naye.

"Mwezi ujao tunakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui, Mzee. Bado sijakiona choo chake."