Papa Védaste na Sauti Isiyo na Jina

Papa Védaste wa Nyamitaba, mfugaji na mtengenezaji wa jibini, ni mtu wa mambo ya kale na wala hafichi. Mahari kwake ni ng'ombe, si bahasha ya pesa. Chifu ni wa ukoo. Na sheria haibadilishwi kila mara mtu mmoja akipata joto. Nyumba, asema, haibomolewi kwa sababu mlango wake unalia. Kila Jumapili baada ya misa, kwenye redio ndogo ya kilimani, ana dakika kumi na tano za kuchambua habari za wiki. Vijana humcheka, lakini redio hawazimi.

Wiki ile ilikuwa Katiba midomoni mwa kila mtu: ibadilishwe, isibadilishwe. Védaste alikwisha kujiandaa kusema isiguswe. Jumamosi shemeji yake Jado, mfugaji pia, akamletea simu yenye sauti iliyorekodiwa. Ndani yake mwanamume asiyejitaja jina alisema, akikatizwa na kikohozi, kwamba Katiba mpya ikipita, wakulima wa kabila la Wahunde watapewa malisho yote.

"Shemeji, tia hii ku redio kesho," Jado alisema. "Ukimaliza tu, tunaingiza ngombe mu maharagi yao. Hatutangoja."

Maharagwe yalibakiza wiki mbili kuvunwa. Védaste alijua maana yake: njaa kwanza, kisha mapanga. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Nitaitia," alijibu. "Lakini Sylvain anakunywaka maziwa ya ngombe yangu. Siwezi kumusema na yeye haiko."

Jado alijua habari ya ng'ombe huyo. Miaka tisa nyuma Védaste alimpa Sylvain, Mhunde na mkulima wa maharagwe, ng'ombe wa urafiki, naye Sylvain akamrudishia ndama wa kwanza kama desturi inavyotaka. Watu waliofungwa pamoja na ng'ombe wa namna hiyo hawasemani hadharani, ila mmoja awe ameketi mbele ya mwenzake.

Jumapili Sylvain, aliyeitwa na Védaste, alifika redioni na koti lake la kanisani. Védaste hakumzungusha. Aliiweka simu ya Jado kwenye mikrofoni, na kilima kizima kikasikia.

"Papa Sylvain, ulijua hii mambo?"

"Nilisikiaka," Sylvain alisema. "Lakini yangu haiko vile."

Akatoa simu yake, akaibonyeza. Sauti ni ileile, na kikohozi kilekile katikati: Katiba mpya ikipita, wafugaji watapewa mashamba yote ya Wahunde.

Védaste alishika ukingo wa meza mpaka hasira ikamshuka.

"Wasikilizaji," alisema, "nilikuja kuwaambia Katiba isiguswe, na bado ninasema vile. Mwenye kutaka iguswe, akuje tubishane hapa, ataje jina la baba yake. Lakini huyu wa kukohoa alitaka tuuane, kisha yeye akule ngombe na maharagi. Jado, uko unanisikia? Kuja utwae simu yako."

Jado alikuja, mbele ya watu wote waliotoka misa. Simu hakuiangalia. Alimsalimia Sylvain kwa mikono miwili, akamuuliza yule ng'ombe wa urafiki amezaa mara ngapi.

"Mara tano," Sylvain alisema. "Ya sita iko mu tumbo. Ikizaliwa, itakuwa yako."

Jado alijua kwamba sasa naye amefungwa na Sylvain kwa ng'ombe, na hakukataa.