Kikosi Changu cha Watu Kumi na Wawili

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Nalisema hilo mapema kwa sababu aibu iliyonipata haieleweki vizuri bila kulijua.

Msimu ule timu ya mpira ya jiji letu ilikuwa imefungwa mechi nne mfululizo, na mimi nilikuwa najua sababu zote. Nilijua kwamba kocha anamng'ang'ania kiungo mmoja mzee ambaye, kwa maneno yangu mwenyewe redioni, anageuka kama lori la mbao kwenye kona za mlima Kitonga. Nilijua kwamba mshambuliaji wetu kijana, mtoto wa nyumbani Rungwe kabisa, anaozea benchi. Nilijua pia kwamba kwenye dirisha dogo la usajili viongozi walileta beki wa kushoto wakati tayari tulikuwa nao wawili. Karibu kila jioni nilipiga simu kwenye kipindi cha michezo, mpaka mtangazaji akawa ananitambua kwa kukohoa tu. Mke wangu aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba watoto wetu wangekuwa wanacheza ligi, ningejua wanavaa viatu namba ngapi.

Basi tawi letu la mashabiki lilipopanga kwenda Iringa kuifuata timu, mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Sikupigiwa kura. Watu walinitazama, nikasimama. Mwenyekiti wa tawi, mama mmoja anayeuza viazi kwa jumla Mbalizi, alikuwa amemwomba meneja wa timu, na meneja akakubali tukutane na kocha asubuhi ya mechi, kwa dakika kumi tu.

Tuliondoka Mbeya alfajiri kwa Coaster ya kukodi. Nilikuwa na daftari lenye hoja kumi na nne, nikawasomea wenzangu kuanzia Chimala. Tulipopita Mafinga karibu wote walikuwa wamelala. Niliamini wanatunza nguvu za kushangilia.

Kocha alitupokea kwenye ukumbi wa chakula wa gesti walikofikia. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mwenye kiburi. Nikakuta baba wa makamo, mtu wa Tanga, amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Iringa, na chai alitumiminia mwenyewe. Hilo lilinivuruga kidogo. Hata hivyo nilifungua daftari nikaanza. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa polepole. Nilipofika hoja ya saba aliniomba ninywe chai kwanza isije ikapoa. Nilikataa, nikamaliza zote.

Akachana karatasi kwenye daftari lake, akanisogezea pamoja na kalamu.

"Nimekuelewa, Mwalimu," akasema. "Hebu nipangie wewe kikosi cha leo."

Siwezi kudanganya, maneno hayo niliyasubiri maisha yangu yote. Niliandika haraka, bila kufuta hata mara moja, kipa mpaka washambuliaji, na mishale ya kuonyesha nani apande na nani abaki. Yule mzee sikumwandika. Mtoto wa Rungwe nilimpigia mstari chini. Kocha aliitazama ile karatasi kwa muda, halafu akampa mwenyekiti wetu. Mama akapitisha kidole jina kwa jina, kama anavyohesabu magunia, kisha akarudia kutoka juu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hawa ni kumi na wawili."

Nikamwambia huenda nimeandika kipa mara mbili. Nikahesabu mwenyewe. Kipa alikuwa mmoja. Watu walikuwa kumi na wawili.

Kocha hakucheka, na kama angecheka sijui ningeumia zaidi ya hapo au pungufu. Alisema tu, "Basi toa mmoja."

Nikaweka kalamu juu ya jina la winga wa kulia, nikakumbuka bao lake la msimu uliopita, nikaiondoa. Nikaenda kwa beki wa kushoto, yule niliyempinga redioni asisajiliwe, ambaye sijui aliingiaje kwenye kikosi changu. Baba yake nilikuwa nimesali naye kanisa moja Jumapili iliyopita. Nikamtafuta yule kiungo mzee ili nimkate yeye, ndipo nikakumbuka kwamba hayumo. Kocha alinisubiri mpaka chai yake ikaisha.

"Mimi ninao ishirini na sita," alisema hatimaye. "Na kila mmoja ana mwalimu wake anayepiga simu."

Akaikunja karatasi yangu, akaiweka mfukoni kwa heshima, akatushukuru kwa kuja, akaenda kukaa na wachezaji wake.

Jioni mzee akaanza, mtoto wa Rungwe akakaa benchi. Tulifungwa bao mapema. Kipindi chote cha kwanza sikumkosoa kocha hata mara moja, na wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Ilipofika dakika ya sabini kocha akamwita mtoto wa Rungwe avue traksuti. Tawi zima likageuka kunitazama, nikasimama kama vile ni mimi ninayeingia. Haikupita muda akabaki yeye na kipa. Akaupaisha mpira ukavuka ukuta wa uwanja, tukangoja watu wa nje waurudishe. Nikawaeleza wenzangu kwamba pale uwanja una matuta. Mama mwenyekiti akaniuliza mbona wenyeji wamefungia palepale.

Zikiwa zimebaki dakika chache tukapata kona. Yule mzee, niliyeuambia mkoa mzima kwamba miguu yake haiachi tena ardhi, akaruka juu ya mabeki wawili akapiga kichwa. Ikawa sare. Ningependa kusema nilipiga makofi kiutu uzima. Nilipiga yowe nikamkumbatia mtu wa kando yangu kwa nguvu zote, kumbe ni shabiki wa wenyeji, mkulima aliyetoka Kilolo kuja kuangalia mpira. Alinivumilia, akaniondoa mikono polepole.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Tuliposimama Makambako kula, dereva aliniomba niwahesabu abiria kabla hatujaondoka, na gari likacheka kabla sijasema moja.

Wiki chache baadaye tulifungwa tena mechi tatu, na uongozi ukamwondoa kocha. Nilikuwa nimeliomba jambo hilo hewani mara nyingi kwa mdomo wangu. Taarifa ilinikuta nasahihisha madaftari, nikagundua nimempa mwanafunzi alama kwa jibu lisilokuwepo.

Kesho yake niliambiwa anapanda basi la asubuhi, nikaenda stendi. Sikuwa nimeamua kama namwomba radhi au namuaga tu, lakini njiani nilipanga maneno mengi. Nilimkuta peke yake kando ya basi, na mabegi mawili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa ukarimu uleule wa siku ya chai. Alinitazama usoni, na nikaona wazi kwamba hanikumbuki hata kidogo.

"Afadhali umekuja," akasema. "Hili moja usiliwekee mizigo mizito juu, lina vitu vya kuvunjika."

Alidhani mimi ni mpakiaji wa basi. Nikalichukua lile begi, nikaingia nusu mwili kwenye buti kulitafutia mahali pazuri, kisha nikarudi kuchukua la pili.