Atuganile na Barabara Iliyofungwa

Atuganile alikuwa mkulima wa mpunga kule Ikolo, wilayani Kyela, mama wa watoto watano, na mwaka 1994 alikuwa ametimiza miaka arobaini na mitatu. Zamani, akiwa shule, alikimbia mbio ndefu mpaka akapelekwa Mbeya kushindana. Kisha akaolewa na Hebroni, watoto wakafuatana, na miguu ile ikabaki kazi ya kwenda shamba na kurudi.

Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na pikipiki zilikuwa zimejaa Kyela mjini kuliko wakati wowote. Wafanyabiashara wakaamua kufanya mashindano ya pikipiki katikati ya mji. Njia ilianzia sokoni, ikapita posta, ikazunguka stendi, ikashuka kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kurudi sokoni. Kila kona waliweka magunia ya pumba, mtu akianguka asiumie.

Siku yenyewe, mwezi wa saba, watu walijaa pande zote mbili tangu asubuhi. Atuganile na Hebroni walikuja na baiskeli yao wakapata nafasi nzuri mbele. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Waendesha pikipiki wa kutoka Mbeya walikuwa hawajafika, na wenzao wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, hawakutaka kuanza bila wao.

Atuganile aliitazama ile barabara. Ilikuwa imefagiliwa, haina ng'ombe wala mkokoteni.

"Baba Lugano," akamwambia mumewe, "nishikie kikapu."

"Unaenda wapi?"

"Kukimbia."

Hebroni alidhani ni utani. Alipogeuka, mkewe alikuwa amevua ndala, amejifunga kibwebwe, na tayari yuko barabarani.

Watu waliangua kicheko. Karibu na posta, Lameck, msimamizi wa mashindano, alimkimbilia na kibendera chekundu.

"Mama, toka! Barabara imefungwa!"

"Wamefungiwa wenye magari, baba," akajibu bila kusimama. "Mimi umesikia nikipiga honi?"

Lameck akabaki amesimama, naye akacheka.

Mzunguko wa kwanza alikimbia kwa aibu kidogo, macho chini. Wa pili, pumzi ikatulia na miguu ikakumbuka kazi yake. Kwenye mashine ya kukoboa, wanawake waliacha nyungo zao wakapiga vigelegele. Aliporudi sokoni mara ya pili, Eliya, kijana mcheza mpira aliyejulikana mji mzima, aliruka kamba iliyozuia watazamaji.

"Ngoja nimsindikize mama huyu asije akazimia," akawaambia rafiki zake.

Wakaenda pamoja hadi stendi. Eliya alitangulia, akawa anageuka nyuma kutabasamu. Walipofika kwenye kona iliyofuata hakutabasamu tena. Atuganile alimpita polepole, akamwambia, "Pole, mwanangu, utakuja," akaendelea. Eliya akakaa juu ya gunia la pumba, mkono ubavuni.

Sokoni umati ulikuwa umesimama wote. Lameck alishika kile kibendera cha mistari kilichowekwa kwa ajili ya mshindi wa pikipiki, akampungia Atuganile kwa nguvu. Hebroni aliitupa baiskeli chini, akamkumbatia mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi.

"Huyu ni mke wangu!" akapaza sauti. "Wa Ikolo!"

"Ndaga fijo," Atuganile akawashukuru watu, huku anahema na kucheka. Nyayo zilimuuma, lakini alisema baadaye kwamba moyoni alijisikia kama ametoka kuoga ziwani.

Mchana pikipiki zilifika, zikanguruma, zikashindana, na kijana wa Karonga akashinda. Lakini jioni, njiani kurudi Ikolo, habari ilikuwa ni ya mama aliyekimbia pekupeku.

Kesho yake hakuweza kuinama shambani, mapaja yamekaza kama mti. Keshokutwa yake alianza kukimbia alfajiri hadi kanisani na kurudi. Jirani yake Stella akajiunga, kisha wengine watatu.

Mwaka uliofuata kamati iliweka mbio za miguu kabla ya pikipiki. Wanawake ishirini na wawili walijipanga sokoni. Atuganile alikuwa wa tatu. Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Doreen, binti yake mwenyewe, na mama mtu alipofika alimbeba mgongoni kama mtoto, wakaenda hivyo mpaka kwenye meza ya soda za washindi.