Mama wa kakao na barrette za mwalimu

Juma hii nilikuwa kwa fundi wa ordinateur hapa Butembo, na mwalimu mumoja akaleta barrette mbili za mémoire, vile vibao vidogo vya RAM. Alitaka kuziongezea mwendo kupita ule fabrique iliziwekea, mais kama haujue puce, zile chip, za aina gani ziko ndani, unaweza kuzichoma.

« Zote ziko na étiquette moja, » mwalimu akasema, akionyesha karatasi ya jina iliyobandikwa juu yazo.

Mama mununuzi wa kakao, mwenye kungoja simu yake, akacheka: « Étiquette njo nini, mwalimu? Sisi kule Eringeti tunapasula mbegu ya kakao, tuone ndani. »

Fundi akapasha moto vifuniko vya chuma vya barrette, akavibandua. Puce za barrette moja zilikuwa aina ingine kabisa na za ile ya pili.

Mama akatugeukia na macho makali. Polepole nikaingiza ndani ya koti kadi yangu ya shingoni, étiquette yangu mimi, ile imeandikwa « journaliste ».